Mmea Haupendi Mwanga: Vitenzi Vibovu na Hasara Yake

Wahenga walinena kwamba mti hauendi ila kwa nyenzo. Waliosema hivyo walikuwa wakilitazama gogo lililokatwa, likisubiri kuburutwa hadi ufuoni likachongwe mtumbwi, na kuhusu gogo hawakukosea. Mti ulio hai ni habari nyingine. Mche wa mkunde ukiwekwa karibu na dirisha, siku mbili tatu baadaye huonekana umepinda shingo kuelekea dirishani; ukigeuzwa utazame ukutani, hupinda upya ukarudi ulikokuwa. Punje ya mahindi ikifukiwa kichwa chini miguu juu, mzizi wake huzunguka ukashuka na chipukizi lake likazunguka likapanda. Hakuna aliyetia nyenzo. Mmea umekwenda, ila umekwenda kwa namna yake, na namna hiyo ndiyo inayostahili kuelezwa kwa Kiswahili kinachoeleweka.

Makala haya yanashikilia kwamba Kiswahili kina uwezo wote wa kuieleza namna hiyo, tena mahali pengine kwa uwazi unaoipita lugha iliyokabidhiwa kazi hiyo madarasani. Walioshindwa ni watumiaji wake, hasa wale walioisomea lugha wakahitimu, ambao wameridhika na vitenzi vitatu vibovu: kupenda, kuogopa na kuvutwa.

Mwanafunzi akiulizwa kwa Kiswahili kwa nini mche umeinamia dirisha, aghalabu hujibu kwamba mmea hupenda mwanga. Akiulizwa kuhusu mzizi, husema kwamba huogopa mwanga au hupenda maji. Aliye hodari kidogo husema kwamba mmea huvutwa na nuru, nao mzizi huvutwa na ardhi. Majibu haya yanapendeza masikioni, na mshairi ana haki nayo. Mwalimu hana. Kupenda na kuogopa ni mambo ya moyo, na mmea hauna moyo. Kuvutwa kunaleta picha ya kamba, kana kwamba jua limelitia shina kitanzi likalielekeza kwake. Yote matatu yanamfunga mwanafunzi asiulize swali la pili, kwa kuwa anayependa amekwisha kuelezwa. Nani huuliza mapenzi yanafanyaje kazi?

Swali la pili liliulizwa na Charles Darwin pamoja na mwanawe Francis, wakachapisha majibu yao mwaka 1880 katika kitabu kuhusu mwendo wa mimea. Walichukua miche michanga ya nyasi wakaimulika kwa upande mmoja. Miche ikapinda. Kisha wakaivisha mingine vifuniko vidogo vya kuzuia nuru kwenye ncha tu, pasipo kuifunika sehemu ya chini, na miche hiyo haikupinda. Walipoifunika sehemu ya chini wakaiacha ncha wazi, ilipinda kama kawaida. Hapo palionekana jambo la kustaajabisha: panapoipokea nuru si pale panapopinda. Ncha huona, nalo shina lililo chini yake hutenda. Lazima basi pawe na ujumbe unaoshuka kutoka juu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1910, Peter Boysen Jensen wa Denmark alizikata ncha akazirudisha mahali pake, baina ya ncha na shina akiwa ametia kipande cha gelatini. Ujumbe ukapita. Alipotia kipande cha ulanga, jiwe lile lisilopitisha maji, ujumbe ukakwama. Baadaye Mholanzi Frits Went, katika utafiti aliouchapisha mwaka 1928, alizitua ncha za miche ya oti juu ya vipande vya agari, akaziondoa, kisha akavibandika vile vipande vitupu juu ya miche iliyokatwa vichwa, akiviegemeza upande mmoja. Miche ikapinda, na hali ilikuwa gizani! Kilichokuwa kimedondoka kutoka katika ncha kikaingia kwenye agari kilitosha kuipinda bila nuru yoyote. Kitu hicho ndicho kinachoitwa oksini, homoni ya ukuaji wa mimea.

Sasa mambo yanaweza kusemwa sawasawa. Nuru ikiupiga mche kwa upande mmoja, oksini nyingi husogezwa upande wa pili, ule wa kivulini. Seli za upande huo hurefuka kuliko wenzake wa nuruni. Upande mmoja ukirefuka zaidi ya mwingine, shina halina budi kupinda, na hupinda kuelekea ule upande uliorefuka kidogo, yaani upande wa nuru. Mtu yeyote aliyewahi kukaa katika mtumbwi anakijua kitendo hiki. Wapiga makafi wa upande wa kulia wakikaza na wa kushoto wakilegea, chombo hugeukia kushoto, ingawa hakuna aliyekivuta kutoka huko. Nuru haiuvuti mmea. Kazi yote hufanyika upande ambao nuru haiufikii.

Kitenzi kinachofaa hapa basi ni kurefuka, kisha kupinda kama tokeo lake. Ni vitenzi vya kawaida ambavyo mtoto wa darasa la pili anavyo. Akiambiwa kwamba upande wa kivulini hurefuka zaidi, anaweza hata kukisia matokeo ya jaribio ambalo hajalifanya. Akiambiwa kwamba mmea hupenda mwanga, hawezi kukisia chochote. Isitoshe, kauli ya mapenzi humpotosha palipo muhimu: huenda akadhani kwamba mwanga ndio unaourefusha mmea, ilhali maharagwe yaliyooteshwa kabatini huwa marefu, membamba na ya manjano kuliko yale yaliyooteshwa uani. Giza hurefusha, mwanga huzuia urefu, huimarisha shina na kuyafanya majani kuwa ya kijani. Wala si kila mwanga unaoupinda mmea. Mwanga wa buluu ndio unaofanya kazi hiyo hasa, kwa kuwa ndio unaonaswa na protini maalumu zilizomo katika seli za mche. Mwekundu pekee hauwezi.

Suala la uvutano wa dunia lina historia ndefu zaidi na, kwa mwanaisimu, utamu zaidi. Mwaka 1806 Mwingereza Thomas Andrew Knight alitaka kujua kama kweli ni uzito wa dunia unaouelekeza mzizi chini. Alifunga mbegu zilizokuwa zikiota kwenye gurudumu lililozungushwa kwa kasi na maji ya kijito. Mizizi ikaota kuelekea nje ya gurudumu, machipukizi yakaota kuelekea katikati. Mbegu zilipotupwa nje na mzunguko, kule nje ndiko kulikokuwa "chini" kwao. Mzizi haukuwa ukitafuta udongo wala maji. Ulikuwa ukiitii nguvu.

Lakini nguvu hiyo huhisiwaje? Katika kofia ndogo iliyo kwenye ncha ya mzizi mna seli zenye chembe za wanga zilizo nzito kuliko majimaji yanayozizunguka. Chembe hizo hutuama. Msomaji na aliangalie neno hili kwa makini. Kutuama ndiko kufanyako mashapo chini ya mtungi, na hakuna kitenzi kingine kinachoweza kueleza tendo hilo vizuri zaidi. Mmea ukilazwa ubavu, chembe za wanga huporomoka zikatuama kwenye ukuta mwingine wa seli, na kwa njia hiyo mzizi hupata habari kwamba chini pamehama. Oksini hukusanyika upande wa chini wa mzizi na wa shina vilevile. Katika shina huzirefusha seli, shina likainuka. Katika mzizi, ambao hauvumilii kiasi kikubwa cha oksini, huzizuia seli zisirefuke, upande wa juu ukazipita, mzizi ukainama. Dawa ni ile ile, wagonjwa wawili, matokeo mawili.

Shina huinuka na mzizi huinama. Mtu akivitenga vitenzi hivi viwili katika mofimu zake, atakuta kwamba vyote vimetoka katika mzizi mmoja, -in-. Kwa kiambishi -am-, kile cha hali ya mkao kinachoonekana pia katika simama na egama, tunapata inama. Kwa -u- na -uk-, vya kutendua, tunapata inua na inuka. Kwa -ik- tunapata inika, yaani kulaza au kutega kwa upande, ambalo ndilo tendo lenyewe la mwalimu anayeilaza chupa yenye mche ili kuanza jaribio. Jaribio zima limo ndani ya mnyambuliko mmoja: mwalimu huinika mche, shina likainuka, mzizi ukainama. Lugha zilizoazima istilahi zake kutoka Kigiriki hazimpi mwanafunzi wake zawadi hii. Humpa jina refu la kukariri, lenye kitenzi cha kale cha kugeuka kilichozikwa ndani ambacho hakioni. Hata oksini kwa asili ni kitenzi cha Kigiriki chenye maana ya kukuza. Mgiriki alijua, mtoto wa London leo hajui.

Pengine itasemwa kwamba huu ni mchezo wa maneno tu, nao mmea haujui mofolojia. Ni kweli. Ila upo mfano mmoja ambapo viambishi vyetu vinabainisha kile ambacho maelezo mengi huchanganya. Kifaurongo, ule mmea mdogo wenye miiba ambao watoto huuchokoza njiani, hukunja majani yake ukiguswa na kuyakunjua baadaye. Wengi huuweka katika kapu moja na mkunde wa dirishani, kwa hoja kwamba yote ni mimea inayosogea. Lakini kukunja kuna kukunjua kwake, na ndivyo ilivyo katika mmea wenyewe: maji hutoka ghafla katika seli za vifundo vilivyo chini ya majani, kisha hurudi polepole, na hakuna kilichokua. Kurefuka hakuna kutendua kwake. Seli iliyorefuka imerefuka. Alizeti changa huliandama jua kutoka mashariki hadi magharibi mchana kutwa, na usiku hurudi mashariki. Lakini hairudi kwa kutendua. Mchana upande wake wa mashariki hurefuka zaidi, usiku upande wa magharibi hulipa deni. Ukuaji ukikoma, mwendo nao hukoma, na alizeti lililokomaa hubaki limetazama mashariki. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba maua yanayotazama mashariki hupata joto mapema asubuhi na hutembelewa na nyuki wengi zaidi. Anayelitumia alizeti kama taswira ya mpenzi asiyemwacha wake hata uzeeni yafaa abadilishe taswira.

Hapa pana neno la kando kuhusu ngeli. Sarufi ya Kiswahili huwapa wanyama na hata wadudu upatanisho wa A-WA, lakini mmea huuweka katika U-I pamoja na mkono, mto, moto na moshi. Wapo wanaoona katika jambo hili dalili kwamba lugha iliunyima mmea uhai. Yawezekana pia kusoma kinyume: kwamba imeuweka pamoja na vitu vinavyorefuka, vinavyotanda na kwenda mbele pasipo kutembea. Dai hili la pili haliwezi kuthibitishwa na mtu aliyekaa kitini, wala la kwanza.

Pingamizi kubwa zaidi ni ile inayosikika katika kila kongamano, kwamba Kiswahili hakina istilahi. Pingamizi hii imechakaa. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, na maneno kama usanisinuru yamekwisha kuzoeleka kwa wengi. Tanzania imefundisha sayansi kwa Kiswahili katika shule za msingi tangu mwishoni mwa miaka ya 1960. Tatizo halisi liko kwingine. Orodha ya istilahi si mazungumzo. Yupo mwanafunzi wa lugha awezaye kutaja usanisinuru na kuichanganua mofimu kwa mofimu, lakini asiyeweza kusema kwa sentensi tano mfululizo kinachotokea ndani ya jani. Amepewa jina kabla ya habari, naye amelihifadhi kama mtu anayehifadhi ufunguo wa nyumba ambayo hajaiona.

Kanuni inayopendekezwa hapa ni nyepesi. Majina ya vitu yaazimwe bila haya: oksini, homoni, protini, agari. Vitu hivyo viligunduliwa na wengine, na kuvibuni majina ya Kibantu kwa nguvu ni kupoteza muda wa kamati. Vitendo visiazimwe. Pale inapohitajika nomino ya kitendo, na izaliwe na kitenzi ambacho kimekwisha kutumika kueleza: mwinuko wa shina, mwinamo wa mzizi, mpindo wa mche. Wapo watakaoona kwamba mwinuko umekwisha kutwaliwa na wanajiografia kwa ajili ya milima, na hoja hiyo ina uzito; lakini mzizi nao una kazi katika hisabati, katika uganga na katika mofolojia, na hakuna aliyewahi kupotea njia kwa sababu hiyo. Wanaotaka fototropizimu kwa hoja ya kuungana na wanasayansi wa dunia wanaweza kuipata katika chuo kikuu, wakati msomaji amekwisha kuelewa kinachoitwa hivyo. Kumpa mtoto wa miaka kumi na miwili neno hilo kwanza ni kuufukia mche na kumwagilia kibao chenye jina lake.

Mazingira ya Kenya yanalifanya jambo hili kuwa zito. Tangu Katiba ya 2010, Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Hata hivyo, katika madarasa ya juu ya shule ya msingi na kuendelea, sayansi hufundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza. Mwalimu wa Kiswahili naye hufundisha "msamiati wa mimea", yaani kwamba mgomba huzaa mkungu na mkungu una chana, na kwamba nazi ilikuwa kidaka, ikawa kitale, ikawa dafu, ikawa koroma. Orodha hiyo ya mnazi ni hazina, maana ni elimu kamili ya ukuaji wa tunda iliyofungwa katika maneno matano. Lakini darasani hufundishwa kama vito vya kuvaa siku ya mtihani. Ni nadra mwanafunzi kuulizwa nini kimebadilika ndani ya tunda kati ya dafu na koroma, maji yamekwenda wapi na nyama imetoka wapi. Somo la sayansi lingeuliza, ila halina maneno hayo. Somo la Kiswahili lina maneno, ila haliulizi.

Lawama nyingine ni ya idara za Kiswahili zenyewe, na inafaa isemwe na watu wa ndani kabla haijasemwa na wa nje. Tasnifu juu ya riwaya na tamthilia ni nyingi, nazo zinastahili kuwapo. Tasnifu kuhusu jinsi watu wa Gazi au Lamu wanavyoizungumzia mikoko ni adimu. Na hali mikoko ndiyo inayoiumbua fasili ya kawaida ya mzizi, ile inayosema kwamba mzizi ni sehemu ya mmea inayokwenda chini. Mchu, ambao hustawi katika matope meusi ya ufuo, hutandaza mizizi yake mlalo chini ya tope, kisha kutoka katika mizizi hiyo huchomoza mingine iliyosimama wima kama penseli, mamia kwa mamia kuuzunguka mti. Mizizi hiyo hupanda. Tope lile halina hewa ya kutosha, na maji yanapokupwa vipenseli hivyo huvuta hewa na kuipeleka chini. Mlilana nao una ya kwake, minene zaidi, yenye umbo la pia. Mbegu ya mkoko haingoji hata kudondoka. Huota ingali mtini, ikaning'inia kama kijiti kirefu cha kijani hadi itakapoanguka topeni au kuchukuliwa na maji.

Wenyeji wanaozitofautisha mti kwa mti, mkoko, mchu, muia, mkandaa, mlilana na mkomafi, kwa ubao, kwa gome na kwa mahali pa kuota, hawawezi kuwa wameiangalia mizizi inayopanda kwa karne nyingi bila kuwa na la kusema. Kamati ya istilahi inayoketi mjini na kutafsiri kutoka Kiingereza haiwezi kulisikia neno hilo. Mwanafunzi mwenye daftari na viatu vya kuchafuka, akifika wakati wa maji kupwa, anaweza.

Kwa walio mbali na bahari pana jaribio la nyumbani. Punje nne za mahindi zipangwe ndani ya glasi, baina ya kioo na karatasi iliyoloweshwa, moja ikiwa imeelekezwa juu, moja chini na mbili pembeni, kisha glasi ifunikwe ikae gizani siku nne au tano. Zikiota, glasi ilazwe ubavu kwa siku moja zaidi. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa Kiswahili aandike ukurasa mmoja kuhusu alichokiona, pasipo kutumia kupenda, kuogopa wala kuvutwa, na mhadhiri aandike wake kando yake.